Mwale Ulioondoka Nghambala

Saa nne kamili asubuhi, mwale ulishuka. Hakuna aliyeuona, maana mawimbi yake hayaonekani kwa macho, lakini nyavu-pokezi zilizotandazwa juu ya malisho ya Nghambala zilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Juu kabisa, mahali mawingu yasipofika, setilaiti iliyoitwa Kikusanyajua ilikuwa imekunjua mabawa yake na kuanza kutuma umeme duniani. Pampu ya kisima ikanguruma. Maji yakaruka.

"Nyemo, mwanangu!" Shangazi Mbeleje alicheka, gauni limelowa chepechepe. "Kumbe yale mahesabu yako yana maji ndani!"

Mhandisi Nyemo alilia kwa furaha. Ni yeye aliyesimama kanisani mwaka uliopita akatoa ushuhuda kwamba umeme wa angani utakuja, tena wa bei nafuu. Aliwasomea ripoti, akiruka kurasa alizoona ni za kitaalamu mno. Kwa neno lake watu wakaachia malisho yao yatandazwe nyavu. Na sasa, Jumapili iliyofuata, walitoa sadaka ya shukrani: paneli zote za zamani za jua zilizokuwa zikiendesha pampu. Walizibeba kwa nyimbo mpaka zahanati ya kijiji jirani.

Siku ya tisa, nyavu zilinyamaza.

"Bwana Kihwelo, mwale umepotea," Nyemo alimpigia mkurugenzi wake. "Kuna hitilafu?"

"Hakuna hitilafu. Tumeugeuzia migodini. Wale wanalipa mara sita. Kurusha mitambo ile kumetugharimu mno, Nyemo. Kwa bei ya kijiji haitajilipa hata kwa miaka mia."

"Mliwaahidi watu!"

"Wawekezaji walitaka kuona maji yakitoka. Wameyaona. Kasome ukurasa wa arobaini wa ile ripoti."

Hakuhitaji kuusoma. Aliuandika mwenyewe: mwale unaweza kugeuzwa kwa mnunuzi yeyote ndani ya sekunde tatu. Aliuandika kama sifa ya mtambo, akamshukuru Mungu kwa akili aliyompa.

Alimkuta shangazi kisimani na ndoo tupu, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Twende zahanati, shangazi, tukaombe zile paneli."

"Friji ya chanjo za watoto inazitumia. Tena tulimpa Mungu. Nenda wewe ukamwambie arudishe."

"Basi tusali."

"Wewe usituombee. Mara ya mwisho uliposimama madhabahuni tulitoa ardhi."

Jumapili Nyemo alisimama palepale. Hakusalimia. Alifungua ukurasa wa arobaini akaanza kusoma. Shangazi Mbeleje alisikiliza hadi neno "mnunuzi", kisha akainuka, akachukua ndoo yake mlangoni, akaelekea korongoni kuchimba maji mchangani. Wanawake wengine wakamfuata, mmoja mmoja.

Nyemo aliendelea kusomea mabenchi matupu. Safari hii hakuruka hata mstari mmoja.