Baba Alinijibu kwa Kushuka Shimoni

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa Kerende. Baba yangu alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Nasema alikuwa... Jamani, hata kuliandika neno hilo kunaniuma!

Chuoni tulipata mhadhiri wa fikra tunduizi. Anajua kufundisha, siwezi kumnyima sifa. Kila ukisema jambo anakuuliza, "Umejuaje?" Likizo ilipofika akatupa kazi: kila mtu akamhoji mkubwa mmoja kwao juu ya jambo analoliamini, mbele ya watu, huku anarekodi kwa simu. Maswali makali ndiyo yenye alama.

Nilimfuata ofisini. Nikamweleza kwamba kwetu Wakurya mtoto hamhoji baba yake mbele za watu. Ukiwa na neno unampelekea mtu wa rika lake, yeye ndiye anakwenda kumwambia. Akacheka. "Bhoke, mila hizo ndizo tunazozihoji." Nikajiona mshamba!

Nyumbani nikasikia kwamba matimba, yale magogo yanayozuia shimo lisiporomoke, hayajabadilishwa, na mvua zilikuwa zimenyesha kweli kweli. Niliogopa, wasomaji wangu, si kwa ajili ya alama tu. Wachimbaji walipokuja kula, nikaweka simu mezani.

"Baba, unasema duara ni salama. Umejuaje?"

Akasema alianza kuchimba kabla sijazaliwa. Nikarudia, umejuaje? Masunga, mchimbaji aliyetoka Shinyanga, akaacha kutafuna.

"Mzee, binti anasema kweli. Jana matimba yalikuwa yanalia."

Ee Mungu wangu, si ningenyamaza hapo! Nikauliza tena... Wanaume wakainamia sahani zao. Baba akasimama, ugali haujaisha.

"Chuo kimekutuma univue nguo mbele ya vibarua wangu? Kesho naingia mwenyewe, wa kwanza! Ndipo utajua nimejuaje."

Asubuhi nilimpigia magoti, akanipita. Nikakimbia kwa Mzee Marwa, mtu wa rika lake, nikamwamkia shikamoo huku nahema. Akachukua fimbo yake tukaondoka. Njiani tukakutana na Masunga anakuja mbio, matope hadi usoni. Duara lilikuwa limeanguka.

Mzee Marwa aliniuliza jambo moja tu. "Mbona hukuja kwangu jana?"

Tulizika, nikarudi chuoni. Ile rekodi nilikuwa nimeshaituma siku ileile ya maswali. Mhadhiri akaingia anatabasamu, hajui lolote, akasema leo tusikilize kazi iliyopata alama za juu kuliko zote. Sauti ya baba ikajaa darasani... "Kesho naingia mwenyewe!" Wenzangu wakapiga makofi!

Ndugu zangu, sisemi msihoji. Matimba yalikuwa mabovu na swali langu lilikuwa la haki. Nanyi walimu, nawasihi, msitoe alama kwa ukali peke yake. Kabla hujamuuliza mtu, mwachie njia ya kukubali bila kuaibika. Mimi baba yangu nilimzibia zote, ikabaki ile ya kushuka.