Mshono wa Mgongoni

Mdogo wa kike wa fundi cherehani ndiye aliyeleta shati la kwanza la mchumba wake, limepasuka mgongoni kuanzia kola hadi kiunoni. Fundi akaligeuza, akaona nyuzi zimesukumwa kutoka ndani kwenda nje. Lilinuka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Akauliza kama huyo mchumba anabeba magunia. Mdogo wake akacheka tu, akamwachia na riwaya, eti asipoisoma atakufa mshamba.

Riwaya yenyewe, upuuzi mtupu! Wanaume wanageuka majoka, wanatema moto milimani, kisha wanashuka kwa wapenzi wao wamevaa suti zilezile, vifungo vyote mahali pake. Fundi alisonya mpaka wateja wakageuka. Mwandishi huyo hajawahi kushika sindano maishani mwake. Na yule msichana, mjinga wa kutupwa, analala kifuani pa joka na wala hasikii harufu! Lakini alipofika pale mama joka anapowaaga wanawe, machozi yakamtoka, akazidi kukasirika, maana hakutaka kulizwa na takataka.

Mashati yakaendelea kuja, yote yamepasuka vilevile. Siku moja mchumba akaja mwenyewe kuyachukua, mpole, mwenye salamu nzuri, na alipovuka tu kizingiti gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka polepole bila mguu kuligusa, na joto likatanda dukani, na ile harufu ya kuungua ikamkaba fundi kooni hata akashindwa kumkaribisha. Mgeni akaitazama riwaya mezani, akainama.

"Shemeji, nasikia unakicheka hiki kitabu. Ni kweli kimedanganya. Nguo huwa hazisalimiki."

Jioni hiyohiyo fundi alimfuata mdogo wake, akamshika mikono yote miwili. "Mwache, mdogo wangu. Huyo ni jini. Sina mwingine ila wewe."

Mdogo wake akajinasua mikono. Akapotea kwa majuma, hata simu hapokei.

Aliporudi dukani, alileta gauni lake mwenyewe. Fundi akaligeuza mgongoni, akaona nyuzi zimetokeza nje.

"Niongezee nafasi hapo nyuma," mdogo wake akanong'ona.

Fundi akachukua futi kwa mazoea, akaipitisha kwenye mgongo aliouogesha tangu utoto. Kitu kikajikunjua chini ya nguo, kikamsukuma mkono.

"Usilie," akaambiwa. "Harufu mtu unaizoea, dada."