Bi Hodi Yuko Kitabu Gani?

"Mama wa kambo!" Mama Sabuni alipaza sauti juu ya ngurumo ya mashine. "Hakuna wa kumfikia. Shika hadithi yoyote ile, utamkuta ndani anamnyima mtoto chakula."

"Huyo siyo mhusika, hicho ni cheo," Karani wa stoo alimjibu, simu mkononi. "Swali hili la kwenye simu linataka mtu mmoja, mwenye jina lake, ambaye hajawahi kuishi lakini dunia nzima inamjua. Nani maarufu kuliko wote vitabuni?"

"Nami nakwambia mama wa kambo. Nimelelewa naye, wewe umelelewa na simu."

Chumba kizima cha kufulia cha hospitali kiliangua kicheko. Dobi peke yake hakucheka. Alikuwa anapiga pasi mashuka ya wodi ya wanawake, jicho moja kwenye kitambaa, jicho moja kwenye simu yake pembeni. Ghorofani, mkewe alikuwa amelala na uvimbe tumboni, na leo ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa. Zamu zilizotangulia zote ziliota mbawa. Mara taa ya chumba cha upasuaji imeungua, mara dawa ya usingizi iko njiani, njoo kesho. Gari jipya la katibu wa hospitali, lenyewe halikukaa njiani hata kidogo.

"Dobi, mbona kimya?" Karani alimchokoza. "Au wewe wahusika wako ni foronya?"

"Wote mnatwanga maji," Dobi alisema bila kuinua kichwa. "Ni Bi Hodi."

"Bi nani?"

"Bi Hodi. Yule mwanamke anayetembea na kigoda kichwani, anagonga milango ya wakubwa. Wakimwambia njoo kesho, anashusha kigoda, anakaa palepale mlangoni. Sasa hivi amekaa mlangoni kwa waziri. Msiniambie hamumjui."

Walitazamana. Mama Sabuni alifuta povu mkononi taratibu.

"Simjui, baba."

"Huyo yuko kitabu gani?" Karani aliuliza.

"Cha jalada la kijani. Mke wangu hunisomea kila tukimaliza kula. Tangu harusi."

"Vitabu vingapi?"

"Hicho hicho kimoja."

"Kimoja! Tangu harusi! Kinene kiasi gani?"

Dobi aliinua kidole chake cha shahada. "Hivi."

Kicheko kilichofuata kilizima hata mashine. Karani alijishika mbavu. "Unene wa kidole, na hakiishi! Dobi, hicho kitabu au kisima?"

Masikio ya Dobi yaliwaka moto. Yeye hakujua kusoma zaidi ya namba za wodi zilizoshonwa kwenye pindo za mashuka. Vitabu huishaje, angejulia wapi? Alichokijua ni kwamba mkewe alikuwa msomi. Shangazi mtu ndiye aliyemwambia hivyo siku ya posa, na yeye akatembea kifua mbele mtaa mzima: nimeoa mwanamke wa kalamu.

"Subirini. Nampigia msomi mwenyewe awafunge midomo." Akabonyeza, akaweka spika.

"Mume wangu," sauti ilitoka, nyembamba lakini ya furaha. "Sista amesema ni baada ya huyu aliyeko ndani. Leo ni leo."

"Leo ni leo, bibie. Sasa hebu waambie hawa wajinga, Bi Hodi yuko kitabu gani?"

Dobi akaisogeza simu karibu na Karani.

"Bibie? Jina la kitabu. Lile la juu ya jalada."

"Umeweka spika?"

"Wanasikia wote. Taja tu."

Kisha, kama mtu anayetua mzigo uliomvunja shingo: "Silijui. Sijui kusoma, mume wangu. Sijawahi kujua."

Simu ikakatika.

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo lilimchoma Dobi kuliko kicheko. Alitoka nje kwenye kamba za kuanikia, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na hasira ikasema kabla yake:

"Umenifanya mjinga mbele za watu. Miaka yote hii nimekaa na mwongo, nakusikiliza kama mtoto. Fanya unavyotaka huko uliko."

Akatuma. Alipotaka kuufuta ujumbe, ulikuwa umekwisha kusikilizwa.

Ndiyo kwanza ameshika tena pasi, simu ikaita. Sista wa wodi.

"Dobi, umemwambia nini mkeo? Amekataa kuweka dole gumba kwenye fomu ya upasuaji. Anasema hapasuliwi."

"Amekataa vipi, sista? Si tumeisubiri siku hii mpaka tumechakaa?"

"Amegeukia ukutani. Na katibu keshasikia. Anasema kama huyu hataki, nafasi apewe mgeni wake aliyeko chumba cha peke yake. Panda haraka, kaka yangu. Ule uvimbe hauna subira ya zamu nyingine."

Dobi aliacha pasi juu ya shuka. Nyuma yake alisikia Mama Sabuni akipiga kelele kwamba kitambaa kinaungua. Akapanda ngazi tatu tatu.

Wodi ilikuwa imejaa, wengine wawili wawili kitandani. Mkewe alikuwa amejikunyata, uso ukutani. Dobi alipiga magoti kwenye sakafu.

"Bibie, geuka."

"Nenda kwa watu wako. Mimi mwongo."

"Yalikuwa maneno ya hasira."

"Hasira haitungi, inafichua tu. Umesema nimekufanya mjinga." Aligeuka, macho mekundu. "Ni kweli. Shangazi alidanganya ili unipose, na mimi niligundua usiku wa kwanza, uliponiletea kile kitabu ukasema nisomee. Ningefanyaje? Ningesema sijui, asubuhi ungenirudisha kwetu."

"Nisingekurudisha."

"Ungenirudisha! Ulikuwa unaringa mpaka kwa muuza mkaa. Nikafungua katikati, nikaanza kusema."

"Mbona ulikuwa unalamba kidole ukifungua ukurasa?"

"Nilikuwa nikipeleka maji shuleni, nikimwona mwalimu dirishani. Ndiyo elimu yangu yote hiyo, kulamba kidole."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliguna. "Shemeji, sisi hapa anatusimulia Bi Hodi bila kitabu wala jalada. Mwache apumue."

"Hata hawa unawasimulia?" Dobi aliuliza.

"Wodi nzima," mgonjwa alidakia. "Mpaka sista huchelewesha sindano asikie."

Dobi alishika ukingo wa kitanda. Muda ulikuwa unakwenda, na mlangoni alimwona katibu mwenyewe, tai shingoni, akinong'ona na sista huku akionyesha saa yake. Akili yake ilikuwa inakimbia huku na huko kama kuku aliyeona mwewe. Kati ya yote aliyopaswa kusema, likamtoka moja tu.

"Ulimtoa wapi?"

"Nani?"

"Bi Hodi. Kama hayuko kitabuni, ulimtoa wapi?"

Mkewe alifuta macho. "Ulikuwa ukirudi kazini umenuna. Umewaomba glavu za maji ya moto, wamekwambia njoo kesho. Umeomba ruhusa ya kumzika mama yako, njoo kesho. Unakaa unatazama sahani, huli. Nikasema, huyu hawezi kugombana nao, watamfukuza. Ngoja nimtume mtu akagombane nao kwa niaba yake."

Dobi aliitazama mikono yake yenye makovu ya mvuke. Miaka yote alicheka, akajipiga paja, akasema "mpe, Bi Hodi, mpe huyo!", akaenda kulala amepoa. Hakujua kwamba zile zilikuwa kesi zake mwenyewe.

"Mjinga ni mimi," alisema, na machozi yakamwagika bila haya, mbele ya wodi nzima. "Bibie, nakuomba. Siombi kwa sababu nimekusamehe, nani mimi wa kukusamehe? Naomba kwa sababu bila wewe mimi sina mtu. Nitarudi nyumba ile nikae na nani? Nitamsikiliza nani?"

"Utanichukia kesho."

"Niachie hiyo kesho niione kwanza! Weka dole. Tafadhali, mke wangu."

Mkono mwembamba ukatoka chini ya shuka, dole gumba limesimama.

"Sista, lete wino," mgonjwa wa pili alipiga kelele. "Kabla hajabadili nia!"

Dobi na sista walimlaza kwenye machela, wakaisukuma mbio mpaka kwenye mlango wa upasuaji. Katibu alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma.

"Nafasi imeshatolewa. Mgonjwa alikataa, taratibu ni taratibu."

"Ameridhia, mheshimiwa," Dobi alisema. "Dole hili hapa, bichi."

"Amechelewa. Mgeni wangu anaandaliwa. Njoo kesho."

Yale maneno mawili. Dobi aliyasikia yakitua pale alipokuwa ameyasikia maisha yake yote. Alimtazama mkewe juu ya machela, midomo imekauka, macho yakimwomba asigombane. Akazunguka, akakichukua kigoda cha mfagiaji kilichokuwa kwenye kona, akakiweka katikati kabisa ya mlango. Akakaa.

"Unafanya nini wewe?"

"Nimekaa, mheshimiwa."

"Ondoka! Nitakuachisha kazi!"

"Niachishe. Utanikuta hapa hapa. Mgeni wako atapita juu ya kichwa changu."

Kutoka wodini mtu alicheka kwa sauti ya kikohozi. "Jamani, njooni! Bi Hodi amekuja!"

Wakatoka. Waliofungwa bandeji, walioshika ukuta, mmoja na chupa yake ya maji ya dripu mkononi. Mama Sabuni alipanda ngazi akihema, Karani nyuma yake na ndoo tupu. Karani aliipindua ndoo, akakaa kando ya Dobi, shingo upande kama mtoto aliyevunja sahani.

"Hodi!" mgonjwa wa pili aliita.

"Hodi!" wodi ikaitikia. "Hodi! Hodi!"

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Daktari mpasuaji alitokeza kichwa, barakoa kidevuni.

"Kelele za nini? Mgonjwa wangu wa uvimbe yuko wapi? Nimeshanawa mikono!"

"Daktari, kumekuwa na mabadiliko madogo..." katibu alianza.

"Mabadiliko aliyoyafanya nani? Mwingizeni huyo."

Dobi aliinuka, kigoda akakikumbatia. Machela ikapita. Mlango ukafungwa. Alikaa tena. Alikaa mpaka miguu ikafa ganzi, akimsihi Mungu, akimlaani katibu, akirudia kumsihi Mungu. Kila mlango ulipolia alisimama, kila aliposimama ilikuwa ni mtu wa ndoo au wa pamba.

"Dobi," Karani alinong'ona hatimaye. "Ikawaje pale kwa waziri? Huyo Bi Hodi. Kule chini hukumaliza."

"Sijui. Aliugua hajanifikisha."

Mkewe alipofungua macho wodini, alimkuta Dobi kwenye kigoda kile kile, kichwa kimeegemea kitanda chake. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu.

"Tulimwacha wapi?"

Dobi aliruka. Alitaka kupiga kelele, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mlangoni kwa waziri," alisema alipoweza. "Amekaa."

"Mlango umefunguliwa?"

"Umefunguliwa, bibie. Umefunguliwa."

"Ndani kuna nani?"

Dobi aliunganisha viganja vyake viwili, akavikunjua mbele ya uso wa mkewe kama kitabu, makovu na yote.

"Mimi nitajuaje? Msomaji ni wewe."

Mkewe aliinua kidole taratibu, akakilamba, akafungua ukurasa.