Mkataba wa Cheche na Randa

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na vyuma vya madirisha. Watu wanamwita Cheche, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Hasira zake ziko karibu. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anafanya kazi naye. Naye yuko hivyo hivyo.

Uwanja wanautumia pamoja na seremala mmoja, jina lake la utani Randa. Hakuna ukuta kati yao. Mimi nashona barazani kwetu, mkabala na uwanja. Naona kila kitu, hata nisichotaka kukiona.

Kila fundi wa chuma anajua jambo hili: kabla ya kukata chuma, tazama upepo unaelekea wapi. Siku moja mume wangu hakutazama. Moto wa chuma uliruka ukaangukia maranda ya mbao. Kabati la mteja wa Randa likaungua. Vijana wa Randa wakaja juu. Maneno yakazaa matusi, mmoja akainua ubao, shemeji akapasuliwa kichwa.

Tangu hapo sikutulia. Nilishona mkono wa gauni mahali pa shingo, nikafumua, nikakosea tena. Geti la mteja lilikuwa limelala chini. Mume wangu alikuwa ananoa ncha za nondo.

"Hizo nondo za nini?" nikamuuliza.

"Za kazi."

"Kazi gani inayotaka nondo yenye ncha?"

Shemeji akanisogezea simu. Kwenye video, mhubiri mmoja alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa imemtoka shingoni.

"Sikiliza, shemeji. Anasema dini yetu ni ya upanga. Randa si mwenzetu wa dini. Ijumaa, baada ya sala, tunammaliza. Hii ni jihadi."

"Jihadi ya kabati?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilijua Ijumaa ikipita hivyo, nitakuwa na mtu wa kuzika, au mtu wa kumpelekea chakula jela.

Mwenyekiti wa soko, anayesimamia uwanja ule, alikuwa amejaribu kuwapatanisha kwa mkataba. Alitaka Cheche ajenge uzio wa mabati kwa gharama yake, na asikate chuma upepo ukielekea kwa Randa. Mume wangu alitaka aandikwe "Fundi Mkuu wa Uwanja." Randa akasema, "Mkuu wa nani? Ningekukubali kuwa mkuu, tungegombana?" Kikao kikavunjika hapo hapo.

Nikaenda kwa jirani yetu, Bi Mwalimu. Anafundisha kina mama historia ya Uislamu. Nilimweleza huku natembea huku na huku chumbani kwake. Akavaa viatu, akanifuata uwanjani, akaketi juu ya ndoo ya rangi.

"Zima hiyo mashine, mwanangu," akamwambia mume wangu. "Nasikia mnatangaza jihadi."

"Tumedhulumiwa," shemeji akajibu.

"Nani aliwasha moto?"

Shemeji akamtazama kaka yake.

"Sitawadanganya kwamba vita havikuwapo," Bi Mwalimu akasema. "Vilikuwapo. Na baada ya Mtume, watawala walipigana vingi zaidi. Lakini kule Makka, Waislamu waliteswa miaka kumi na mitatu bila kuruhusiwa kupigana. Ruhusa ilikuja baada ya kufukuzwa makwao. Tena ilikuja na mipaka. Usivuke mpaka. Usiue wanawake wala watoto. Adui akielekea amani, nawe uielekee. Jihadi maana yake ni kujitahidi. Kupigana ni sehemu yake moja tu, na ina masharti. Haitangazwi na fundi mwenye hasira."

"Basi tukubali kudharauliwa?" mume wangu akauliza.

"Unaijua Hudaibiya?"

"Jina nimelisikia."

"Waislamu walikwenda Makka kufanya umra, ile hija ndogo. Hawakwenda kupigana. Makureshi, wakuu wa Makka, wakawazuia njiani. Pande mbili zikakaa kuandika mkataba. Mwandishi akaandika, 'Muhammad, Mtume wa Mungu.' Mjumbe wa Makureshi akakataa. Akasema, 'Tungekukubali kuwa mtume, tungekupiga vita? Andika jina lako na la baba yako.'"

Mume wangu akaweka nondo chini. "Mtume akafanyaje?"

"Akataka maneno yale yafutwe. Na akakubali kurudi mwaka ule bila umra. Wenzake walichukia sana. Umar akauliza kwa nini wakubali unyonge."

"Hilo ndilo swali langu," shemeji akasema.

"Swali la zamani hilo. Wanahistoria wa kale wanalijibu hivi. Vita viliposimama, watu walitembeleana na kuzungumza bila hofu. Katika miaka miwili tu, walioingia Uislamu walikuwa wengi mno. Upanga ulikuwa umelala."

Mume wangu akazisogeza nondo kando kwa mguu. Kisha akasema, "Mwambieni mwenyekiti aondoe huo ukuu. Nitajenga uzio."

"Jenga peke yako," shemeji akasema. "Kichwa kilichopasuka si chako." Akageuka, akampa kaka yake mgongo. Mume wangu akakunja uso. Nikaona sasa watagombana ndugu kwa ndugu.

"Hata wenzake Mtume waligoma," Bi Mwalimu akasema haraka. "Aliwaambia wachinje wanyama wao wa ibada na kunyoa nywele. Hakuna aliyeinuka. Mkewe, Umm Salama, akamshauri: toka, usiseme na mtu, chinja wako, unyoe. Alipofanya hivyo, wote wakainuka."

Sikungoja aendelee. Nikamshika mume wangu mkono.

"Baba watoto, umesikia? Usiseme na mtu. Anza."

Akafumba mdomo. Sijui aliwezaje. Akabeba bati, akalisimamisha mpakani. Upepo ukalipiga, likamwangukia begani. Akalisimamisha tena. Likaanguka tena. Shemeji alikuwa anachungulia kwa pembeni. Mimi nilijikaza nisiende kusaidia.

"Unashika vibaya," shemeji akasema mwishowe.

Hakujibiwa. Akasonya, akaja, akashika upande wa pili.

Randa naye alikuwa anatazama. Akatoka na nguzo mbili za mbao begani. "Bati bila nguzo litaniangukia mimi," akasema. Akaanza kuchimba shimo.

Walijenga mpaka alasiri, bila maneno mengi. Ijumaa, shemeji alitoka msikitini akarudi kazini moja kwa moja. Nilisimama barazani nimeshika mkasi. Randa akamwita kutoka upande wa pili wa uzio.

"Kichwa kinaendeleaje?"

"Kinauma."

"Yule kijana wangu yuko hapa. Anataka kukuomba radhi, ila anakuogopa."

Shemeji akaweka chini chuma alichokuwa ameshika.

"Mwambie aje," akasema. "Ila ubao auache huko huko."

Yule kijana akazunguka uzio, akaja mikono mitupu.