Aliyepandisha Sauti Nyembamba

Mashahidi wa jambo hili ni watatu, na kuna neno moja ambalo wote wanalikubali bila kuvutana: kwamba alasiri ya tarehe sita, mwezi wa sita, mvua ya majira ikinyesha juu ya mji wa Takaoka, Bi Yaeko Kamada aliingia chumba cha mbele kufuta vumbi, akakuta kifundo kimoja cha kurekebishia sauti, katika amplifaya ya marehemu mumewe, kimesogea. Hakikusogea sana. Alama yake nyeupe, ambayo siku zote ilielekea juu kama mshale wa saa sita kamili, ilikuwa imeegemea kulia kwa upana wa punje ya mchele. Kilikuwa kifundo cha sauti nyembamba. Cha besi, kilicho kando yake, kilikuwa mahali pake.

Wanakubali pia kwamba amplifaya ilikuwa imezimwa. Baada ya hapo kila mmoja ana maelezo yake, na inafaa kwenda nayo polepole.

Mumewe Yaeko, Tokuji, alikuwa fundi wa kengele za madhabahu ya nyumbani, zile za shaba zenye umbo la bakuli. Kazi yake ilikuwa kukwangua na kugonga hadi kengele itoe sauti aliyoitaka. Nyumbani alisikiliza muziki kwa ukali uleule. Alikuwa amerekodi kengele yake bora kuliko zote katika kanda, na kila alipotaka kusawazisha mtambo wake aliicheza kanda hiyo, akagonga kengele halisi ya karakana yake, akazungusha kifundo mpaka sikio lisiweze kusema ipi ni shaba na ipi ni spika. Alifariki mwezi wa nne. Kengele ile ikahamishiwa madhabahuni, mle mle chumba cha mbele, penye picha yake.

Mwanawe, Nobuhide, anafanya kazi Nagoya katika kampuni ya bima, akipima madai ya watu. Yaani analipwa mshahara ili asiamini. Mama yake ana miaka sabini na minane na ameshaunguza birika mara tatu. Nobuhide alikuwa tayari na fomu za kuiomba mahakama ya familia imteue kuwa msimamizi wa mama yake, nyumba iuzwe, mama ahamie makao ya wazee. Kilichobaki kilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba akili yake imepungua. Basi mama alipompigia simu kuhusu kifundo, ni haki kusema kwamba mwana alisikiliza kwa sikio la mtu mwenye maslahi.

"Umekigusa mwenyewe, Mama, ukasahau."

"Baba yako alinikataza kukigusa miaka thelathini na minane. Mtambo ule naufuta vumbi kwa brashi ya rangi, kama nafuta kope za mtoto mchanga."

"Na birika? Nalo lilijiunguza?"

"Birika ni langu, nakiri. Kifundo si changu." Akaongeza, "Na ukitaka kunitoa humu, Nobuhide, sema wazi. Usinizungukie kama muuza dawa."

Tangu siku hiyo Yaeko aliandika katika kalenda ya jikoni. Tarehe saba, punje moja. Tarehe nane, punje moja na nusu. Kila siku, kati ya chakula cha mchana na saa tisa alasiri, alama nyeupe ilisogea kulia, kamwe si kushoto. Maandishi hayo yapo na hayana mkwaruzo wala marekebisho. Yanathibitisha kwamba mwandishi alikuwa makini; kwamba alichokiandika ni kweli, hayathibitishi.

Shahidi wa tatu ni Bwana Orito, fundi wa redio wa mtaa uleule, mjane mwenye miaka sabini na moja na ulimi usiopumzika. Nobuhide alimshuku haraka, na kwa sababu nzuri: Orito alikuwa ameitamani amplifaya ile kwa miaka ishirini, na siku moja tu kabla kifundo hakijasogea alikuwa ameshinda chumbani mle.

"Ulikuwa unafanya nini nyumbani kwa mama?"

"Aliniita niurudishe mtambo kama mzee alivyouacha. Alitaka usikike vizuri siku ya arobaini na tisa ya msiba, ndugu watakapokuja kumwombea."

"Na ufunguo unao?"

"Kijana, ningetaka kuiba ningebeba mtambo mzima, na spika zake. Mwizi gani huyo anayeiba robo mzunguko wa kifundo?"

Jibu hilo linachekesha, lakini si utetezi. Mtu anayetaka mjane achoke na kitu akigawe bure angeweza kufanya hivyo hasa. Nobuhide akaliweka moyoni, akapanda treni Jumamosi.

Alipofika alifanya kile ambacho angefanya katika dai lolote la kazini. Alichomoa waya wa umeme akautia mkobani mwake. Alirudisha kifundo katikati, akabandika utepe wa karatasi kutoka juu ya kifundo hadi kwenye bati la amplifaya, kisha akapiga muhuri wa jina lake ukingoni, nusu ya wino juu ya karatasi na nusu juu ya bati, jinsi mikataba inavyolindwa isichezewe. Alifunga madirisha na mlango. Halafu akawachukua wote wawili, mshukiwa wa kwanza na mshukiwa wa pili, akawapeleka kula tambi mtaa wa mbali.

"Huu ni ukarimu au ni mahabusu?" Orito aliuliza.

"Kula, Bwana Orito."

"Nakula. Mahabusu yenye tambi na kamba wa baharini sijawahi kuikataa."

Yaeko aliondoka mezani mara moja, dakika nne, kwenda msalani. Nobuhide alizipima kwa saa. Nyumba ilikuwa mwendo wa kilomita mbili, hivyo dakika hizo hazina uzito.

Waliporudi ilikuwa saa tisa kasorobo. Kilichowapokea kwanza ni harufu. Si ya ubani, wala ya shaba na nta aliyokuwa akirudi nayo Tokuji maishani mwake. Kwa maneno ya Orito, ilikuwa harufu ya nywele zilizofungwa zikiwa mbichi na kuachwa hivyo siku nyingi. Yaeko alisema ni harufu ya kisima. Nobuhide hakuieleza, lakini wenzake wanasema alisimama kizingitini bila kuvua viatu.

Muhuri ulikuwa mzima. Karatasi ilikuwa nzima. Na chini ya karatasi, alama nyeupe ilikuwa imefika mwisho wa kulia, pale ambapo kifundo hakiwezi kwenda tena.

Ipo hoja kwamba unyevu wa majira yale hulegeza gundi, hivyo utepe ungeweza kubanduliwa na kurudishwa. Nobuhide ndiye aliyeitoa, na inastahili kupimwa. Dhidi yake ni kwamba nusu mbili za muhuri zilikutana bila kupishana hata unywele. Ipo hoja ya pili, kwamba kifuniko cha kifundo huenda kiliteleza juu ya mhimili wake. Orito alikibana kwa koleo mbele yao, hakikuteleza.

"Chomeka waya," Yaeko alisema kwa sauti ya chini. "Tusikilize. Kama kimepandishwa, kimepandishwa kisikilizwe."

Nobuhide akachomeka, akaicheza kanda, ile ya kengele, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani. Kengele ikalia, kali mno kwa namna ile kifundo kilivyowekwa, ikawachoma masikio wanaume wawili, kisha ikaanza kufifia kama kengele njema inavyofifia, nusu dakika nzima, ikipungua na kupungua hadi ukabaki ule mvumo mwembamba wa kanda unaofanana na mvua ya mbali; na ndani ya mvumo huo, asema Orito, palikuwa na kitu kama mchele unaomwagwa taratibu juu ya sakafu ya mbao, ukikoma na kuanza tena, naye akadhani ni kasoro ya kanda mpaka alipomtazama Nobuhide, kijana wa miaka arobaini na sita ambaye masikio yake bado yanapata kile ambacho masikio ya wazee yameshakipoteza, akamwona amekiweka kiganja ukutani kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba, midomo yake ikifuatisha maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, huku mama yake akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akiinamisha kichwa upande wa spika, akisikia kengele, akisikia kimya, na baada ya kimya asisikie kitu.

Kanda ikafika mwisho, ikajizima.

"Hakichezewi ovyo," Orito alinong'ona. "Siku zote hizi nilikuwa najiuliza kwa nini ni sauti nyembamba peke yake, kwa nini kidogo kidogo. Hivyo ndivyo unavyompandishia mtu asiyesikia. Unapandisha, unamtazama. Hajasikia. Kesho unapandisha tena."

"Mtu gani asiyesikia?" Yaeko aliuliza. Kisha, "Mbona mnaniangalia mimi?"

Orito aligeuza macho kuelekea kwenye spika.

"Ni Tokuji? Nobuhide, niambie. Ni baba yako? Anasemaje?"

"Si Baba."

"Utajuaje wewe? Miaka mingapi ulikuwa humpigii hata simu!"

"Baba alikuwa mtu mmoja, Mama."

Hilo ndilo neno pekee alilolitoa siku ile juu ya alichosikia. Aliulizwa na Orito, baadaye na mkewe, hakuongeza. Shahidi anayekataa kusema hawezi kulazimishwa na msimulizi, ila inaruhusiwa kutambua kwamba kunyamaza kulimgharimu: maneno machache tu, *mama anadai kifundo kinasogea chenyewe*, yangetosha mahakamani, naye sasa hakuweza kuyatamka bila kujitaja yeye.

Kesho yake ilikuwa siku ya arobaini na tisa. Kasisi wa hekalu la familia alikuja kusoma sala, na ndugu walipokwisha kwenda Orito akamweleza yote, pamoja na jambo ambalo hakuwa ameliona kuwa na maana. Siku aliyosawazisha mtambo, alifanya kama Tokuji alivyofanya: cheza kanda, gonga kengele, zungusha, rudia. Katika karakana za Takaoka kengele hugongwa mchana kutwa na hakuna anayeinua kichwa. Masikio ya mji ule yameizoea sauti ile kama masikio mengine yalivyozoea jogoo. Hivyo si yeye wala Yaeko aliyekumbuka kwamba ile haikuwa tena kengele ya karakana.

"Uliigonga mara ngapi?" kasisi aliuliza.

"Sitini na kitu, Mheshimiwa. Labda sabini."

"Mbele ya madhabahu?"

"Ndipo ilipokuwa."

"Mkisoma nini?"

"Hatukusoma. Tulikuwa tunatafuta sauti."

Kasisi alikuwa mtu wa vitabu, asiyependa mazungumzo ya mapepo. "Madhehebu yetu hayafundishi kwamba wafu huzurura," alisema. "Wala kengele si ya kumwitia mtu yeyote. Mumeo, Mama Yaeko, alifika alikokwenda siku ileile aliyokata pumzi. Kwa hiyo, kama kuna kilichoitika humu ndani, dini yangu haina jina lake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba si yeye."

Mjane aliinamisha kichwa. Orito anasema hakulia. Alionekana kama mtu aliyenyimwa barua yake.

Kasisi alisoma sala kwa saa nzima, akasema mbele ya kengele kwamba aliyeitwa aliitwa kwa kosa na aende zake. Kanda ilichomwa uani. Orito alikata nyaya za spika kwa mkasi. Kifundo kilirudishwa katikati na hapo kikakaa, siku kumi, mwezi, bila kusogea. Harufu iliondoka. Nobuhide alizichana zile fomu mbele ya mama yake, na wote wanakubali kwamba waliagana vizuri.

Mwezi wa nane Yaeko alikwenda mwenyewe kwenye kliniki ya masikio. Hakumwambia mtu. Orito alipomwona amevaa vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, alimkemea.

"Dada yangu, wewe una wazimu? Baada ya yote yale?"

"Kama kuna mtu anazungumza na mimi nyumbani mwangu," alimjibu, "nina haki ya kumsikia. Kasisi anasema si Tokuji. Kasisi hakulala naye kitanda kimoja."

Mtaalamu wa kliniki alimpima na kuweka sauti kwa kiasi alichohitaji. Wiki mbili baadaye Yaeko alirudi kwa ukaguzi wa kawaida, na mtaalamu akakuta kiwango cha sauti nyembamba kimepanda hadi ukomo katika vifaa vyote viwili. Vifaa vya aina ile havina kitufe. Hubadilishwa kwa kompyuta ya kliniki tu, na kompyuta hiyo haikuwa na kumbukumbu ya mabadiliko yoyote. Aliandika kuwa ni hitilafu ya kiwandani, akashusha. Safari iliyofuata alikuta vimepanda tena. Alimuuliza mgonjwa kama sauti inamuumiza. Mgonjwa akasema hapana, sasa ndiyo inatosha.

Nobuhide hupiga simu kila Jumapili. Mama yake ni mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa miaka mingi. Haunguzi birika. Hukumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu. Katika simu ya mwisho alisikika akicheka kando ya kipaza sauti, akimwambia mtu asubiri zamu yake.

"Uko na nani, Mama?"

"Wanakusalimu," alisema.

Fomu mpya ziko juu ya meza yake Nagoya, zimejazwa zote isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa huo humtaka mwombaji aape kwamba anayoyasikia mama yake hayapo. Akiapa, mama atatolewa katika nyumba ile, na pengine ataokoka. Lakini atakuwa ameapa uongo juu ya mwanamke mwenye akili timamu, naye anajua. Asipoapa, atamwacha humo, pamoja nao. Ushahidi umeusikia kama nilivyoupokea, pamoja na dosari zake, na hakuna mwingine utakaoletwa. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nini?