Tangi Lenye Mstari Mweupe

Kila asubuhi Mama Mapacha alichukua ndoo zake akapanda kilima hadi kwenye tangi. Lilikuwa tangi la zamani la mawe. Maji ya chemchemi yaliingia kwa bomba. Mpaka wa nchi mbili ulipita katikati yake, na ukutani palichorwa mstari mweupe wa rangi ili kila upande ujue nusu yake.

Asubuhi hiyo koki ilikohoa, ikatema hewa, ikanyamaza. Lakini nje ya ukuta, kwenye ufa penye ule mstari, maji yalitiririka ardhini. Mbuzi wa nchi zote mbili walikunywa bila foleni.

"Mbuzi wanakunywa, watu tunatazamana!" Mama Mapacha alisema kwa hasira. "Ee Mungu, unaona mambo haya?"

Alirudi na ndoo tupu. Mizigo ilikuwa tayari imefungwa mlangoni. Mumewe, Baba Mapacha, alikuwa fundi mwashi. Alikwisha kusema kwamba tangi likikauka watahamia mbali, kwa shemeji yake. Lakini Bibi, mama yake mzee, hakutaka kusikia.

"Nendeni, wanangu," Bibi alisema. "Magoti yangu hayana safari. Niacheni hapa na Mungu wangu."

"Mama, usiseme hivyo. Nani atakuchotea maji?" Mama Mapacha alimgeukia mumewe. "Na wewe, kila mwaka unaziba ufa ule ule. Unaziba nini?"

"Naziba upande wetu! Plasta yangu haina kasoro. Wa ng'ambo ndio wanaolipua kazi."

"Na wao wanasema hivyo hivyo juu yako. Mama yako aachwe hapa kwa sababu ya ubishi wenu?"

Baba Mapacha aliinama akakaza kamba ya mzigo mmoja. Mkewe aliomba dua fupi, akatoka akarudi kilimani. Alimkuta Mama Buti, fundi wa maji wa ng'ambo. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuvua buti zake za mpira hata juani.

"Wewe ndiye fundi wa maji! Unatazama tu?"

"Dada yangu, nimesema mpaka koo limekauka. Watu wangu wanasema saruji yao haivuki mstari. Wako wanasemaje?"

"Hivyo hivyo."

"Basi twende tukawagombeze wote pamoja."

Mchana watu wa pande zote mbili walikusanyika. Askari wa mpaka naye alikuja kutazama. Mama Buti alibandua kipande cha plasta ya nje kwa vidole. Kilitoka kama ganda la yai.

"Fundi, hii ni yako?"

"Ni yangu," alisema Baba Mapacha, amenuna.

"Mchanganyiko ni mzuri, lakini umepaka mahali pasipofaa. Maji yamo ndani, yanasukuma kuja nje. Ukiziba nje, yanaisukuma plasta itoke. Ukiziba ndani, yanaikandamiza ishike ukuta. Tena nyote mnaishia kwenye mstari, kila upande kwa wiki yake. Plasta mbichi haikushikana na ile kavu. Ufa mmeutengeneza wenyewe!"

"Kwa hiyo nipake ndani, nivuke mstari?" Baba Mapacha aliuliza. "Nikinyoosha mkono nimeingia nchi ya watu bila pasi."

Watu walicheka. Mama Mapacha hakucheka.

"Maji ya Mungu yanamwagika miaka yote kwa ajili ya mstari wa rangi, na ninyi mnacheka! Askari, utamkamata mume wangu?"

"Mama, hata mimi nakunywa maji haya," askari alijibu. "Aingie tu."

Kesho yake walilielekeza bomba nje ili watu wachote hapo wakati wa kazi. Walitoa maji yaliyobaki chini na tope, wakasugua kuta kwa brashi ngumu. Baba Mapacha alishuka kwa ngazi pamoja na mwashi wa ng'ambo. Alitazama huku na huku.

"Mbona humu hakuna mstari?" aliuliza.

"Nani angeuchora chini ya maji?" mwenzake alijibu. "Lete patasi."

Waliupanua ufa kwa patasi, wakauosha, wakaulowesha. Walichanganya saruji ndoo moja kwa mchanga safi ndoo tatu, wakaujaza. Kisha walipaka plasta ndani pande zote, siku hiyo hiyo, bila kuacha kiungo.

"Msiifurahie bado," Mama Buti alionya. "Saruji ikikauka haraka inapasuka. Iwe na unyevu wiki nzima."

Bibi aliposikia, aliomba magunia makuukuu. Aliketi mlangoni, kando ya ile mizigo, akayashona pamoja. Magunia yale yalining'inizwa ndani ya tangi, na wanawake wa pande zote mbili waliyalowesha kwa zamu.

Wiki ilipokwisha, waliosha tangi, wakalijaza maji yenye dawa ya klorini. Yalikaa usiku kucha, kisha yakamwagwa. Ndipo maji ya kunywa yakaingizwa.

Mama Mapacha aliupapasa ukuta kwa nje, penye mstari. Ulikuwa mkavu. Mbuzi walikuja, wakaunusa, wakaondoka. Alifungua koki, ndoo ikajaa.

"Miaka yote hiyo!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Asante Mungu. Lakini miaka yote hiyo!"

Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa amekwisha kuanza kufungua mizigo peke yake.

"Nani alifunga sufuria yangu chini kabisa?" aliuliza. "Leteni hayo maji. Nina kiu."