Betri Iliyokwisha

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, msichana mmoja wa darasa la sita aliketi sakafuni katika chumba cha mama yake cha kushonea na kufungua vitu. Redio, tochi, saa ya ukutani, hakuna kilichosalimika mbele yake. Nyumba nzima ilimwita Bisibisi. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mwalimu.

Siku hiyo alitengeneza rimoti ya taa ya mama. Alitoa betri, ndogo, bapa na ya mviringo kama kifungo cha koti, akatia mpya, taa ikawaka. Mama akamsifu. Ile ya zamani akaiacha juu ya kigoda. Ilikuwa imekwisha, ya nini tena?

Haikupita nusu saa, mdogo wake wa miaka miwili akaanza kutokwa na udenda. Alikataa maji, akakohoa, akalia huku amejishika shingo. Bisibisi akatupa jicho kwenye kigoda. Kilikuwa kitupu.

Mama alidhani mtoto amemeza kifungo. Mtoto huyo alikwisha kumeza vifungo mara mbili na vikatoka vyenyewe, kwa hiyo akasema wasubiri hadi kesho. Bisibisi angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemwona. Alitazama midomo ya mdogo wake inavyotetemeka, akajikaza.

"Mama, si kifungo. Ni betri. Niliiacha mimi pale."

Mama hakugombeza. Alimbeba mtoto, akavaa kandambili zisizofanana, akatoka. Bisibisi alichomoa ile betri mpya kwenye rimoti, akaifumbata, akamfuata mbio.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Karani wa mapokezi aliwaambia bila kuinua kichwa kwamba siku hizi kila mtoto anakohoa, wakae kwenye foleni. Mama alipojaribu kueleza, akaoneshwa benchi. Bisibisi hakukaa. Alimwona muuguzi akipita na sinia la dawa, akasimama mbele yake na kufumbua kiganja.

"Samahani, dada. Mdogo wangu amemeza betri kama hii, na hawezi hata kunywa maji."

Muuguzi aliitazama mara moja tu. Aliweka sinia juu ya meza ya karani, akamchukua mtoto mikononi, na foleni ikawapisha. Picha ya eksirei ilionesha duara jeupe limekwama kooni. Kabla ya jua kuzama, daktari alikuwa ameitoa betri kwa mpira mwembamba uliopitishwa mdomoni.

Daktari aliwaletea betri hiyo kwenye kibakuli. Ukingo wake ulikuwa umeungua, mweusi tii. Bisibisi alinong'ona kwamba alidhani imekwisha.

"Imekwisha kwa rimoti," daktari alisema. "Kwa koo la mtoto bado ina nguvu ya kuunguza. Mngengoja hadi kesho, ingelitoboa. Ana kidonda, atakaa hapa siku kadhaa, lakini atapona."

Bisibisi akainamisha kichwa. Mama akamvuta karibu.

"Kuacha betri pale lilikuwa kosa, na usilirudie," alisema. "Kazi ya fundi haiishi taa inapowaka. Inaisha ukishaweka kila ulichokitoa mahali ambapo mtoto hafiki. Lakini ulipokosea ulisema, tena ulisema mapema. Ndiyo maana leo nina watoto wawili."